Mafuta ya Trekta

Nililisikia kabla ya kuliona. Tak. Tak. Tak. Sauti kavu, kama mtu anayegonga kisu kwenye jiwe bila haja ya kukata chochote. Ilitoka upande wa reli, ikamezwa na nyumba za jirani, ikatokea tena karibu zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwa mama, mtaa wa Ipuli, nikitoa mnyororo wa baiskeli ya mtu. Nikauacha mnyororo, nikaanza kuhesabu. Kati ya tak moja na nyingine zilipita sekunde mbili. Sikuhitaji kuinua uso. Katika Tabora nzima lilikuwepo gari moja tu la kutoa mlio ule, na kwa mlio ule lilikuwa linakufa.

Likaingia likiburuza tumbo mchangani. Lilikuwa gari la Kifaransa, refu, jeusi, pua imelala kama ya papa. Mzungu aliyelileta aliondoka baada ya Uhuru, likapita mikono mitatu minne, likamwishia mtu mmoja mwenye cheo ambaye mbele ya uso wake tulimwita Ndugu, na akishageuka, Bwana Mkubwa. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma na gazeti lililokunjwa mkononi. Gurudumu lilipoingia katika shimo la mlangoni petu gari likagonga chini, na gazeti likatua kisogoni kwa dereva. Gurudumu la nyuma likafuata, na gazeti likatua tena. Dereva hakugeuka wala hakukwepa. Alipepesa macho tu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, na nikajua kwamba alikuwa amepigwa hivyo kwa kila shimo tangu walikotoka, na mashimo ya barabara zetu yanafahamika.

Niseme gari lile lilivyokuwa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Halikuwa na springi wala shokapu. Lilisimama juu ya mafuta. Pampu iliyasukuma mafuta kwa nguvu za kutisha, na kila gurudumu lilikuwa na tufe la chuma, mimi niliyaita vibuyu, ambalo nusu yake ni mafuta na nusu ni hewa iliyobanwa, katikati kuna utando wa mpira. Mafuta yalibeba, hewa ilidunda. Kibuyu kingine kilikaa karibu na pampu kama ghala la nguvu. Ghala likipungua, pampu hushika kulijaza tena, na hapo ndipo husikika ile tak. Kwa gari zima utasubiri nusu dakika kabla ya kuisikia tena. Sekunde mbili maana yake ghala limetoboka na pampu inakimbizwa kama punda anayechapwa mpaka aanguke. Na mafuta hayo hayo yaliyobeba gari ndiyo yaliyokaza breki na kulainisha usukani. Yakiasi, yanaasi yote kwa pamoja.

Bwana Mkubwa alishuka, akapokea shikamoo ya mama bila kumtazama, akanieleza shida yake kwa maneno machache. Jumamosi alikuwa na safari ya Bukene, kukagua watu waliohamishiwa kijiji kipya. Hakuwa na gari jingine. Spea hazikuwepo nchini, fedha za kigeni za kuagizia hazikuwepo, na fundi mwingine aliyewahi kulifungua gari la namna ile hakuwepo karibu. Kisha akasema lile alilojua kuwa nalisubiri.

"Likisimama, nakuandikia barua ya kazi. Lisiposimama, lori la Jumamosi litapita hapa."

Barua ile ndiyo iliyokuwa uhai wangu. Gereji niliyofundishwa kazi ilifungwa, mwenyewe akaenda zake, na tangu hapo nilikuwa fundi wa uani, mtu asiye na karatasi. Miaka ile asiye na karatasi ya kazi hakuwa na haki ya kuonekana mjini mchana. Mwezi uliotangulia walinikamata sokoni, watu wenye virungu, wakatuswaga mpaka kwenye lori kama ng'ombe wa mnada. Niliuliza kosa langu. Aliyenijibu alinijibu kwa rungu, puani. Nilisikia mfupa ukivunjika ndani ya kichwa changu, mlio mdogo kama wa njugu inayobanjwa. Nilitoroka kwa miguu kutoka kijiji cha mbali walikotutupa, siku mbili porini, nikala asali mbichi na masega yake, nikarudi kwa mama nikiwa na pua iliyopinda, isiyonusa chochote. Na niliapa kwamba safari ya pili nitakufa au nitaua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na kiapo hicho nilikiamini.

Dereva alisubiri bosi wake amalize, kisha akaja kwangu na sura nyingine kabisa. Yeye alikuwa Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walikutana kwenye njia ya misafara, wetu wakibeba pembe kwenda pwani, wao wakiwapokea, wakizikana njiani, wakiibiana na kulishana, mpaka ukazaliwa utani ambao hauna mwisho. Mtani wako anaweza kukutukania ukoo mzima. Anaweza kuchukua chakula chako, kuingia msibani kwako akaigiza maiti alivyokuwa akitembea. Huruhusiwi kukasirika. Na jambo moja halipo kabisa katika mambo hayo: mtani hapigwi.

"Mpagazi," akaniambia, "babu yako aliutupa wapi mzigo wetu? Mpaka leo Bagamoyo wanausubiri."

Nikamjibu kwamba babu yake ndiye aliyeuiba, akala, na ndiyo maana wajukuu wana vichwa vizito hivyo, gazeti likivigonga vinalia ngo. Akacheka kweli kweli, akajisugua kisogo. Akaenda kwenye karai la mama, akachukua vitumbua viwili vya moto bila kuomba. Mama akamwinulia mwiko, akamwita mwizi wa nazi, naye akapiga goti akamwomba cha tatu. Bwana Mkubwa alisimama hatua tano kutoka kwetu akijipangusa viatu, akisikia yote.

Nilifungua boneti. Chupa ya mafuta ilikuwa imejaa. Mafuta ya gari lile yalitoka kiwandani mekundu kama damu, lakini haya yalikuwa ya miaka mingi, yamegeuka rangi ya maji ya ukwaju. Nikashangaa kwamba yamejaa, kwa sababu mafuta mekundu hayakuuzwa mahali popote kuanzia Kigoma hadi Dodoma. Nikamuuliza dereva ameongeza mafuta gani.

"Ya trekta," akasema, mdomo umejaa. "Trekta la kijiji. Gari la wakubwa nalo lijifunze kujitegemea."

Tukacheka. Mama alicheka. Hata Bwana Mkubwa aliachia kitu kama tabasamu. Nikasema watu wa pwani wangeweza kutia hata tui la nazi, na tukaendelea na kazi.

Walituachia gari, wakaondoka kwa miguu, bosi mbele, dereva nyuma akibeba mkoba.

Kupima gari kama lile bila vifaa ni kazi ya masikio, makalio na macho. Sikuwa na geji hata moja. Nilianza kwa kukaa juu ya buti kwa uzito wangu wote. Gari zima huzama na kukurudisha juu taratibu, kama mgongo wa mnyama anayepumua. Hili halikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimekalia mwamba. Hewa ya vibuyu vya nyuma ilikuwa imekwisha, na ndiyo maana kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye mifupa ya Bwana Mkubwa, na kutoka kwenye mifupa ya Bwana Mkubwa mpaka kisogoni kwa mtani wangu.

Kisha nilitandika magazeti ya zamani chini ya gari, nikayawekea mawe, nikaacha injini ikiunguruma saa nzima. Matone yaliandika yenyewe mahali pa ugonjwa: moja kubwa chini ya pampu, mawili madogo karibu na gurudumu la kushoto nyuma. Nilichomoa mpira wa kurudisha mafuta, nikauelekeza kwenye chupa tupu ya soda, nikahesabu inachukua muda gani kujaa. Ilijaa haraka mno. Mafuta yalikuwa yanapita ndani mahali pasipopitika. Nilipokuwa nakaza nati moja ya bomba, bomba likaachia. Mafuta yenye nguvu ile hayavuji. Yanachoma. Uzi mwembamba kama sindano ulinipiga chini ya jicho, nikaanguka kwa magoti nikidhani nimepofuka. Mama alinimwagia maji mpaka nikaweza kuona vidole vyake. Akaniambia hilo si gari, ni nyoka. Nikarudi kulishika pale pale, kwa hasira, kama mtu anayemrudia aliyempiga.

Nyuma ya gereji iliyofungwa kulikuwa na mzoga wa gari la aina ile ile, limeliwa na kutu, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Jumatano nilikwenda nikauparamia kwa nyundo na tindo. Vibuyu havikutaka kutoka. Nilivipiga mpaka viganja vikachubuka na mpini wa nyundo ukateleza kwa damu. Sitasahau furaha ile mbaya ya kukipasua kitu ili kingine kiishi. Nilipata vitano. Sikuwa na namna ya kujua kipi bado kina hewa isipokuwa kukifunga na kuhesabu. Cha kwanza, sekunde mbili. Cha pili, nne. Cha tatu kilinifanya nisimame: nilihesabu hadi ishirini na moja ndipo ikalia, tak, moja tu, nzito, kama mtu aliyeshiba akiweka kikombe mezani. Hicho nikakiacha penye ghala la nguvu. Cha nne na cha tano vilikuwa na uhai kidogo, nikavifunga nyuma.

Mafuta mapya sikuwa nayo. Niliyatoa yote, nikayachuja kwenye kipande cha kaniki cha mama, mara tatu, nikayarudisha yale yale. Kipimo kimoja cha mwisho sikukifanya. Ni kipimo cha bure kuliko vyote. Unatia mafuta kidogo kwenye kikombe cha maji: yale mekundu hujichanganya na maji yakapotea, ya aina nyingine huelea. Mafuta ya madini yakiingia katika gari lile, mipira yote hunywa, huvimba kama ulimi wa mgonjwa, na hakuna kitu kitakachopita wala kuzuiwa inavyotakiwa. Nililijua hilo. Nilifundishwa. Lakini sikuwa na sababu ya kuyashuku mafuta, na pua iliyovunjwa haikunusa kitu.

Siku ile ile jioni dereva alipita peke yake, ametumwa sokoni. Aliinama juu ya boneti akiangalia vibuyu, kisha akaniuliza, bila kicheko, kama nimeyaona yale mafuta.

"Nimeyaona," nikamwambia. "Yananuka Mzaramo. Nimeyachuja kwa nguo ya mama yangu ili yapate adabu."

Kicheko chake kilichelewa, lakini kilikuja. Akanipiga begani, akasema kumbe mpagazi ana akili. Akaondoka akipiga mluzi. Alidhani nimeelewa na nimekwisha kuyasafisha. Mimi nilidhani tunataniana.

Alhamisi gari lilisimama. Niliwasha injini, na mkia ukainuka kwanza, halafu pua, polepole, kama ngamia anavyoamka. Jirani walikuja kutazama. Nilikaa juu ya buti, likazama na kunirudisha. Mama aliacha karai lake, akaweka kiganja kwenye bati lile jeusi, akacheka. Barua yangu nilikuwa naiona. Niliisoma hewani, mstari kwa mstari.

Ijumaa asubuhi mambo yalikuwa yamebadilika kidogo. Usukani ulikuwa mgumu. Gari lilipanda likagoma kushuka, limebaki juu kama paka aliyetishwa. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi. Nakumbuka vizuri kwamba nilijiambia kwa sauti, ili nijisikie. Fundi anayeongea na nafsi yake namna hiyo anajua anadanganywa na nani. Lakini saa mbili Bwana Mkubwa alifika na dereva wake kulijaribu gari, amevaa suti ya mikono mifupi, amekunja gazeti jipya, na mimi nikafungua mlango wa nyuma nikamkaribisha.

Nilikaa mbele na mtani. Breki ya gari lile si pedeli, ni kifundo cha mpira sakafuni kama uyoga, unakigusa tu. Penye kona ya kwanza dereva alikigusa, na gari likashikwa kana kwamba limegonga ukuta. Bwana Mkubwa akajigonga kwenye kiti cha mbele. Gazeti likafanya kazi yake. Dereva alinitazama kwa pembeni, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwake. Tulikuwa tumeanza kuteremka kuelekea reli.

Alikigusa tena. Hakikuwa na kitu. Alikikanyaga. Akakikanyaga kwa miguu miwili, akinyanyuka kitini. Gari lilikuwa likiongeza mwendo na usukani umekaza, tukaushika wote wawili, mikono minne, tukiuvuta kama tunamchuna ng'ombe. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alijitupa mtaroni. Mbele yetu palikuwa na matofali mabichi yaliyopangwa kukauka, safu kwa safu, na nyuma yake banda la mkaa. Tuliingia humo. Sauti ilikuwa ya kitu laini na kizito, kama gunia likipigwa gunia. Kioo cha mbele kilitulia mapajani mwetu vipande vipande. Baadaye kukawa kimya, vumbi jekundu, na kuku mmoja akilia.

Hakuna aliyekufa. Bwana Mkubwa alitoka na paji la uso limepasuka, damu ikimtiririka puani hadi kwenye suti. Alikwenda kwenye buti, akatoa fimbo yake, akamvuta dereva kwa ukosi, akampiga. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kwa utaratibu, kama mtu anayekung'uta zulia: mgongo, mabega, mikono iliyoinuliwa kujikinga. Alipochoka akanigeukia mimi. Ya kwanza ilinipata sikioni, ya pili kwenye pua ile ile. Watu walikuwa wameshakusanyika, hakuna aliyesogea. Alisema kesho lori litanipitia mimi wa kwanza, na atahakikisha naketi juu ya magunia nikiwa nimefungwa.

Niliinua boneti iliyokunjamana kwa spana. Mpira mmoja ulikuwa umejichomoa wenyewe. Niliushika, ulikuwa laini, umenenepa, umekuwa mara mbili ya ukubwa wake. Nilimwomba mwanamke aliyekuwa mtaroni maji yaliyosalia kwenye ndoo, kikombe cha bati, nikachovya kijiti kwenye chupa ya mafuta, nikadondosha tone. Likaelea. Likatanda juu ya maji, rangi rangi, kama jicho linalonitazama.

Nilimwendea dereva. Alikuwa amekaa juu ya matofali, anashika mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilimuuliza ametia nini.

"Nilikwambia, mtani," akasema, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyechoka. "Nilikwambia pale kwa mama yako. Mafuta yaliisha njia ya Nzega, gari likalala, akanipiga kilomita kumi nzima, ndipo nikatia ya trekta kwa siri. Ningesema vipi, naye amesimama pale?"

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa na njia moja tu ya kusema kweli mbele ya mtu yule, na njia hiyo ilikuwa utani wetu. Aliuamini. Aliyatia maneno yake humo kama mtu anavyotia barua katika bahasha, akanikabidhi mkononi, na mimi nikacheka.

Ungedhani kuelewa kunatuliza. Mimi nilimpiga. Nilikuwa na spana mkononi na sikuiachia kwanza. Ilimpata mdomoni. Nilisikia meno. Nikampiga tena kwa mkono mtupu, nikampiga akiwa chini, na kila pigo nilikuwa nalitoa kwenye lori, kwenye rungu la sokoni, kwenye fimbo iliyonipata dakika tano zilizopita, nampa yeye yote, ambaye hakunipa hata moja. Hakujikinga. Kwa Bwana Mkubwa aliinua mikono. Kwangu mimi hakuinua.

Watu walirudi nyuma. Bwana Mkubwa alipokuwa anapiga walisimama wanatazama. Nilipompiga mtani wangu waligeuza nyuso, na mwanamke mwenye ndoo akasema kwa Kinyamwezi neno moja linalosemwa nyumba ikiungua. Nikaacha. Mkono wangu ulikuwa umepasuka kwenye vifundo, na sikujua damu ipi ni yangu.

"Amekwambia nini?" Bwana Mkubwa akauliza. Alikuwa nyuma yangu, amekishika kikombe cha bati. "Haya mafuta aliyaweka nani?"

Dereva alinyanyuka nusu, akaegemea kiwiko. Alitema damu na kipande cha jino juu ya tofali. Akanitazama. Hakuomba. Alisubiri tu, na nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni mimi, kwamba nilikosea chupa, kwamba hata sijui. Lori lilikuwa moja na nafasi ndani yake ilikuwa ya mmoja wetu. Yeye naye bila kazi ile alikuwa mtu asiye na karatasi, mbali na kwao kuliko mimi.

"Yeye," nikasema. "Ameweka mafuta ya trekta. Mimi sikujua."

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Nusu ya pili nimeigeuza miaka yote hii na sijaipatia jina. Niliambiwa. Kujua ni kitu gani kingine?

Bwana Mkubwa alitimiza ahadi yake, na hilo lilinishangaza kuliko fimbo. Alikuwa mtu wa kutimiza. Alitoa karatasi mkobani, akaandika juu ya boneti iliyopinda kwamba mimi ni fundi ninayehitajika mjini, akatia sahihi. Tone la damu kutoka pajini kwake liliangukia pembeni, akalifuta kwa kidole, likaacha alama. Akanikabidhi. Akawaambia vijana wawili wenye virungu wamchukue dereva, wamweke mpaka lori la kesho.

Alasiri ile nilikuwa ndani. Mama alikuwa amesikia yote. Mji wetu hauhitaji gazeti. Hakunifokea. Alinifunga vifundo kwa kitambaa, akakaza fundo kuliko inavyohitajika, akaketi mbali nami. Barua ilikuwa mezani.

Hodi ikasikika. Wale vijana walimruhusu dereva apite kwetu, walisimama nje wanavuta sigara. Mdomo wake ulikuwa umevimba, mkono umefungwa kwa khanga ya mtu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akasema marahaba. Alisema amekuja kumuaga, kwa kuwa alikula sana vitumbua vyake na si vizuri kuondoka kimya kimya.

Kisha akanigeukia.

"Habari za kutwa, fundi," akasema.

Nilingoja neno la pili. Mpagazi. Mla panya. Muuaji, hata. Alisimama ananitazama kwa adabu, kama unavyomtazama karani nyuma ya dirisha. Nikasema nzuri.

Mama alisimama. Alinishika bega kwa vidole vigumu.

"Mtukane," akaniambia. "Mtukane, mwanangu, aondoke vizuri."

Nilijaribu. Nilisema watu wa pwani hata lori linawachukua wamelala. Sauti yangu ilitoka vibaya, ikaishia katikati. Mama alicheka kwa nguvu, peke yake, kicheko cha kumsukuma mtu aingie mtumbwini, akimtazama dereva usoni, akimsihi kwa macho ajibu. Akachukua karai, akalisogeza karibu naye, vitumbua vinne vilivyobaki, ili ajichukulie bila kuomba kama kawaida yake.

Alivitazama.

"Ahsante, mama. Nimeshiba," akasema. Na kwangu: "Kazi njema, fundi."

Alipiga hatua kurudi nyuma, kama mgeni anavyotoka kwa watu asiowazoea, akainama kupita kizingiti. Nje kijana mmoja alitupa sigara. Dereva akanyoosha mkono wake mzima, akashika mlango, akauvuta nyuma yake taratibu mpaka ukafunga.